Krismasi Tuliyoila Ng'ambo

Juzi niliitwa Garsen kwenye mkutano wa amani. Nikapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, kama wanavyopewa wazee, na chupa ya maji, na kofia ambayo sikuivaa. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri akashika kipaza sauti, akasema kwamba wakulima na wafugaji wa Mto Tana wamekuwa maadui tangu jadi. Tangu jadi! Nikainua mkono. Nikaambiwa, "Nyanya, muda umekwisha, chakula kiko tayari." Nikaenda nikala pilau yao kwa hasira, hata sikujua kama imetiwa chumvi. Basi nitakueleza wewe, ndugu yangu, maana wewe hunikatizi.

Mimi ni mtoto wa Kipokomo. Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, kijiji chetu kilikuwa kati ya Wema na Garsen, ukingoni kabisa mwa mto, hata mama aliweza kusugua masufuria majini huku akitugombeza sisi tuliokuwa uani. Ng'ambo, kila kiangazi, waliteremka Waorma na ng'ombe wao. Usiku tulilala tukisikia ng'ombe wakikohoa na mbwa wakibweka, na tulipowakosa, usingizi ulichelewa.

Mama alikuwa na rafiki kule. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu asiyeogopa njia ndefu. Kwa adabu, jina lake hatukulitamka. Tulimwita Mama Ng'ambo. Baba alimvusha kwa mtumbwi asubuhi, naye akashuka na maziwa katika vyombo vya kufuma vilivyofukizwa moshi. Ukinywa maziwa yale, kwanza unapata moshi, halafu utamu. Mama alimpa mchele na ndizi. Wakikaa chini ya ukumbi, waliongea Kiswahili ambacho hakikuwa cha huyu wala cha yule. Mama alivuta maneno kwa Kipokomo, mwenziwe akayakata kwa Kiorma, lakini hakuna siku niliyoona mmoja ameshindwa kumchekesha mwingine. Mdogo wetu wa mwisho alipokataa titi la mama akiwa na homa, ni Mama Ng'ambo aliyemlea kwa maziwa, kidole kwa kidole, mpaka akanyonya tena. Adui wa jadi huyo.

Sasa Krismasi. Wajukuu wangu wanadhani hatukuwa nayo kwa sababu hatukuwa na vitu vya kung'aa. Tulikuwa nayo, tena tuliitengeneza wenyewe kuanzia chini. Sisi watoto tulipiga udongo sakafuni na kukandika kuta mpaka nyumba ikanukia kama mvua ya kwanza. Tulikata makuti ya mkindu tukayakunja upinde mlangoni, tukachomeka maua ya mwituni ambayo yalinyauka kabla ya jioni, nasi tukachomeka mengine. Kaka yangu alitengeneza ngoma kwa mkebe wa mafuta na kipande cha ngozi ya mbuzi. Nyanya alifukia ndizi shimoni ziive pamoja. Mama alikata leso yake kuukuu, akanishonea gauni kwa mkono, akalitia maji ya wali likakauka kama karatasi, kisha akaazima pasi ya makaa kwa mke wa mwalimu. Nilitembea na gauni lile nikiogopa kukaa.

Lakini kilele cha sikukuu kilikuwa vitumbua vya mama. Mchele ulirowekwa tangu jana yake, ukatwangwa kinuni, ukachanganywa na maziwa ya Mama Ng'ambo, ukakaangwa kwa samli ya Mama Ng'ambo. Minazi kwetu ilikuwa haba. Pasipo maziwa hakuna vitumbua, na kwa mtoto wa kijiji chetu pasipo vitumbua, Krismasi ilikuwa Jumapili nyingine tu. Na mbuzi wa siku ile alichinjwa na mume wa Mama Ng'ambo, aliyevuka kwa kazi hiyo, ili nao wale nasi bila wasiwasi. Ilipofika Idi tulivuka sisi. Hakuna aliyetufundisha utaratibu huo. Tuliukuta.

Mwaka ninaousema, mvua za vuli zilikuwa chache na Waorma waliteremka mapema. Siku ya kuamkia Krismasi, Mama Ng'ambo alishuka mtumbwini na vyombo viwili vimejaa, mabegani huku na huku. Sisi watoto tulimkimbilia kama kawaida. Mbele yetu akasimama askari wa chifu, na fimbo mkononi.

"Maziwa ya ng'ambo hayashuki upande huu," akasema. "Kuna maradhi ya ng'ombe. Amri."

Mama akatoka jikoni na unga wa mchele mikononi. "Amri ya tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na ng'ombe wa chifu, wanaokunywa mto huu huu? Maziwa yao mbona asubuhi yamepita hapa?"

"Hao wamepimwa."

"Wamepimwa na nani? Daktari gani amekuja hapa nisimwone?"

"Mama, mimi natumwa tu."

Natumwa tu! Katika maisha yangu nimelisikia neno hilo kutoka kwa watu wa kila aina, wenye fimbo na wenye kalamu, na kila nikilisikia najua kuna kitu kinakaribia kumwagika. Akachukua chombo cha kwanza, akafungua kifuniko, akamwaga. Akachukua cha pili. Maziwa yalitambaa mchangani, yakafanya povu, yakazama. Kuku wakaja kudonoa. Mdogo wangu, yule aliyelelewa kwa maziwa hayo, akachuchumaa, akachovya kidole kwenye tope jeupe akakipeleka mdomoni, na mama akamnyanyua kwa mkono mmoja kabla hakijafika.

Nyanya alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alikuwa hanyanyui sauti. Siku hiyo aliinyanyua: "Mtu anayemwaga chakula mbele ya mtoto, huyo hakulelewa, alifugwa!" Askari akatazama chini. Nadhani naye alikuwa na mama.

Mama Ng'ambo hakulia wala hakutukana. Aliokota vifuniko vyake, akavipangusa mchanga kwa nguo yake. "Mwaga," akamwambia askari. "Ng'ombe yangu kesho natoa ingine." Kisha akamshika mama mkono wenye unga, wakashuka pamoja mpaka majini, wakasimama wakinong'ona huku baba akimngoja na kafi.

Jioni hiyo unga ulikuwa kwenye ungo, umefunikwa kitambaa, na hakuna aliyeugusa. Baba aliporudi alinawa miguu, akaketi. "Hebu niambie tena," akamwambia mama. "Amri imesema nini hasa?"

"Maziwa yasivuke."

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe wasivuke."

Baba akafikiri. "Haikusema watoto wasivuke."

Mama akafunua ule unga.

Kesho yake tulikwenda kanisani na magauni yetu ya kukwaruza, tukaimba, mhubiri akahubiri kirefu juu ya familia iliyokosa mahali pa kulala. Tulipotoka hatukwenda nyumbani. Mtumbwi ulikuwa umepakiwa: ungo, kikaango cha vitumbua, mkungu wa ndizi, mbuzi amefungwa miguu, na nyanya ameketi katikati kama bibi harusi, akituonya tusiweke mikono majini kwa ajili ya mamba. Mto ulikuwa mwekundu na mzito. Baba alipiga kafi bila haraka, watu wote wakiona. Nakumbuka hilo kwa fahari. Hatukuvuka kwa kujificha.

Ng'ambo walikuwa wametandika mikeka nje ya zile nyumba zao za mviringo. Mume wa Mama Ng'ambo akamgeuza mbuzi kuelekea Kibla, akachinja. Mama akawasha moto wake pembeni mwa moto wa rafiki yake, na maziwa yakamiminwa kwenye unga yangali na joto la ng'ombe. Samli ililia kikaangoni. Vitumbua vya siku ile vilikuwa na kingo kavu na moyo laini, na nyuma ya utamu ule moshi. Nimekaanga maelfu tangu hapo, kwa nazi, kwa maziwa ya pakiti, kwa chochote, na havijawa vile.

Kaka akapiga ngoma yake ya mkebe, tukaimba nyimbo zetu za kuzaliwa mtoto. Wasichana wa Kiorma walipiga makofi, wakaingiza wimbo wao katikati, na sisi tukaubeba hatujui unasema nini. Mdogo wangu alikunywa maziwa mpaka tumbo likawa ngoma ya pili. Mama Ng'ambo akamweka pajani, akamfuta mdomo, akasema, "Kunywa. Hii hapana mtu namwaga."

Alasiri tulimwona askari upande wetu, anatupungia fimbo, anapiga kelele. Upepo ukayachukua maneno yake. Baba alimpungia mkono kwa heshima, akaendelea kula.

Malipo yalikuja siku ya pili. Baba alichukuliwa akapelekwa kufyeka barabara juani, yeye na panga lake, bila kuambiwa kosa lake linaitwaje, kwa maana maziwa hayakuvuka na ng'ombe hawakuvuka. Mama alimuuliza askari, akapata jibu lile lile la kutumwa. Na kule ng'ambo walichukua fahali, yule mweusi, ambaye mume wa Mama Ng'ambo alimwita kwa jina akaja kama mtoto. Hatukusikia maradhi yoyote. Hakufa ng'ombe hata mmoja, si wa kule, si wa kwetu. Mwezi haukwisha amri ikafutwa kimya kimya, kama ilivyokuja, na hakuna aliyekusanya watu kusema samahani.

Baba aliporudi viganja vyake vilikuwa vimechubuka hata hakuweza kushika kafi. Nilimsikia akimuuliza mama swali moja tu: "Watoto walishiba?"

"Walishiba," mama akasema.

"Basi."

Ila fahali yule alikuwa ndiye mgongo wa kundi lao. Waorma wale wakaondoka, wakahamia mbali ndani, mahali ambapo mkono wa chifu haukufika upesi, na kiangazi kilichofuata ng'ambo ilikuwa tupu. Mama alishuka mtoni asubuhi na mchele wake kwenye kikapu, akatazama, akapanda. Alifanya hivyo mpaka alipoacha. Huo ndio ugomvi wetu wa jadi. Hatukugombana. Tulitenganishwa mchana kweupe, na watu waliokunywa maziwa ya ng'ombe wao wenyewe siku ile ile waliyomwaga yetu. Na wajukuu wa wote wawili, wakija kushikiana mishale na bunduki, wanaambiwa ni damu yao tu, ndivyo walivyo. Hasira yangu haiwezi kuzeeka nikisikia hayo. Mimi nimezeeka, yenyewe bado.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa na watoto wangu, mchungaji mmoja kijana wa Kiorma alipita kijijini na ng'ombe wake, anauliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika uani kwa mama. Hakujua jina letu. Alijua tu kuna mwanamke wa vitumbua. Akasimama na fimbo yake mabegani, akasema ana salamu kutoka kwa nyanya yake: anauliza yule mtoto aliyekunywa sana, ameoa?

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Mwambie ameoa," akasema. "Mwambie ana watoto, na wote wanapenda maziwa."

Kijana akairudia salamu ile mara mbili asiisahau, akanywa maji, akaondoka. Aliifikisha, najua, kwa sababu kiangazi kilichofuata samli ililetwa, na aliyeileta hakuomba chochote.

Mama amekwenda, na Mama Ng'ambo bila shaka naye. Mimi nina salamu zangu kwa wajukuu wake, ziko hapa kifuani, fupi tu, hazimlemei mtu njiani. Ila natazama vijana wa huku na vijana wa kule, wanavyopitana siku hizi bila kusalimiana, najiuliza nitampa nani azivushe.