Mayai Yaliyoambiwa Yalale

Daktari kijana alitupa trei nzima ya mayai ya nondo wa hariri. Mwezi umepita hayajaanguliwa, basi yamekufa! Mfagizi wa maabara, mama mwenye miaka ishirini kazini asiyemung'unya maneno, akaiokota pipani.

"Yaliyokufa hubaki manjano, mwanangu. Haya yamekuwa kahawia. Yamelala."

"Nani kayalaza?"

"Mama yao. Si nyinyi mliosema kuna kijiprotini hutoka kichwani mwake, kinachoyaamuru yalale hata kabla hajataga?"

Daktari akamwachia trei. Mfagizi akayatia kwenye friji, yapate baridi yanayoihitaji kabla ya kuamka, akayalinda miezi mitatu. Yalipotolewa yakapata joto, trei ikajaa viwavi weusi.

Daktari alipokuja kushukuru, alimkuta akipiga deki.

"Hawa waliambiwa wangoje, wakangoja," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe ulikimbizwa na nani?"