Futi Shingoni mwa Tsonka

Tsonka ameshona mikono ya makoti kwa miaka thelathini na moja. Mikono tu, koti zima hajawahi kulishona. Cherehani zetu ziko jirani, na naweza kuapa kuwa mgongo wake umenyooka mara mbili tu: siku alipojifungua, na siku umeme ulipokatika kiwanda kizima.

Jumamosi ile mjukuu wake, Dara, alikuwa ameanza kutembea, ikabidi mkate uokwe. Kwetu Bulgaria mtoto akianza kupiga hatua tunaviringisha mkate wa duara sakafuni, naye anaufuata hadi kwenye meza fupi yenye vifaa vya kazi. Atakachoshika kwanza ndiyo kazi yake ya ukubwani. Kila mtu husema haamini, lakini mtoto akikaribia meza, hapumui mtu.

Tulitoka zamu ya asubuhi tukaenda moja kwa moja kwake, miguu imetuvimba. Tsonka akapanga meza mwenyewe: kalamu, kitabu, kifaa cha kuchezea cha daktari cha kusikilizia moyo, hata mwiko. Kisha akazunguka nyumba nzima akikusanya mikasi, sindano na nyuzi, akavifungia kabatini.

"Shoga, hata vifungo?" nikamuuliza.

"Hata vifungo. Huyu hashoni. Nimeshona mimi, inatosha."

"Weka na glasi ya rakia basi, ile pombe yetu kali," akadakia mzee Penko wa ghorofa ya chini, "apate cha kurithi kwangu."

"Wewe mzee, kaa ule mkate unyamaze."

Nevena, mama wa mtoto na binti pekee wa Tsonka, alikuwa amekuja likizo ya siku nane kutoka Italia. Yeye ndiye aliyeuviringisha mkate. Dara akaufuata akipepesuka. Akaipita kalamu, akakipita na kitabu. Tsonka alikuwa amepiga magoti ng'ambo ya meza, anamwonyesha kwa macho kile kifaa cha daktari. Mtoto akaizunguka meza, akamfikia bibi yake, akashika futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake. Hakuna aliyekuwa ameiona. Hata yangu ilikuwa bado shingoni.

"Siyo hiyo, mjukuu wangu. Achia," Tsonka akamwambia.

Dara akaivuta kwa mikono miwili, anacheka. Makofi hayakupigwa.

"Nimefungia kila kitu," Tsonka akasema, machozi yanamtoka, "nikajisahau mwenyewe."

Nevena akaketi sakafuni kando yake. "Mama, mimi nilishika nini siku yangu?"

"Kalamu. Ya marehemu baba yako. Tulishangilia mpaka majirani wakaja."

"Haya. Na Jumatatu narudi Italia kuwaogesha wazee wa watu."

Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka kiwandani. Tsonka akaivua futi, akamwachia mtoto.

"Basi ashike," akasema. "Ila wewe, mwanangu, kaa japo mpaka Jumanne."

Nevena akauokota mkate, akaanza kuumega.