Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Wageni walimsifu mwanangu kwa kunyamaza. Kila aliyeinama mlangoni kwa mama mkwe wangu, pale Kisegi, alimchungulia, akacheka, akasema mtoto huyu ana adabu, hasumbui, amemhurumia mamake. Nami mwanzoni nilivimba kichwa. Nani hataki kuzaa mtoto mwenye adabu?

Siku ya tatu adabu ile ilianza kunitisha.

Mimi ni Mkuria, kwetu ni Migori, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Mume wangu ni Mjaluo. Mama mkwe hajui Kikuria, na Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kusalimiana na kununua samaki, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria. Akiwa na furaha aliyavuta maneno hayo kama anaimba. Akiwa na hasira aliyakata, nikajua nimekosea mahali.

Kwa desturi yao, mtoto wa kiume akizaliwa hukaa ndani na mamake siku nne, ndipo anatolewa nje alfajiri. Nilizalia kituo cha afya, lakini mama mkwe alianza kuhesabu tulipovuka kizingiti chake. Sikubisha. Nalishwa samaki na uji wa wimbi, nafuliwa nguo, nalala nikitaka! Hata wiki mbili ningekaa.

Lakini asubuhi ya siku hiyo ya tatu mtoto alikataa ziwa. Nilimwekea, akalamba kidogo, mdomo ukalegea. Nikabadilisha upande. Wapi! Kufikia mchana matiti yalikuwa yamejaa, magumu, yanauma, maziwa yanachuruzika mpaka kwenye leso, na mwenye maziwa amelala tu. Nikamfunua. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inazama ndani kila akivuta pumzi. Nikamfinya unyayo. Alikunja uso kama mzee aliyeamshwa kanisani, halafu akarudi usingizini bila kutoa sauti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliogopa, nasema wazi.

Muuguzi aliyenizalisha alikuwa ameniambia siku ya kuniruhusu: mtoto mchanga asiponyonya, usisubiri awe na joto, usisubiri alie. Mlete.

Nikampigia simu mume wangu, aliyekuwa Rongo akiuza samaki. "Mama anasemaje?" akauliza. Ati mama! Nilimwambia aliyekataa ziwa si mama, ni mwanawe, nikakata simu.

Mama mkwe alikuwa uani anaanika dagaa wa omena. Nilipomwita alikuja akijifuta mikono.

"Mama, mtoto hanyonyi. Nampeleka hospitali."

"Ameshiba huyo. Hata bwana yako alikuwa analala hivi hivi."

"Tangu asubuhi?"

"Kesho alfajiri tutamtoa vizuri. Halafu hata mwende Nairobi. Leo hapana."

"Hii si ya kesho, Mama."

Akasimama mlangoni, mikono imeshika pande zote mbili, na si mwanamke mdogo. "Nyar Kuria, hii mtoto haitoki hapa kabla ya siku yake. Ikitoka ipate shida, watu watauliza nani? Wewe? Wataniuliza mimi!"

Hapo nilielewa kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, tena sana, ila hofu yake ilikuwa inatazama upande mwingine. Nilimhurumia. Lakini huruma haikunikalisha. Nilivua blauzi, nikamlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, nikamfunga kwa leso, nikajitanda shuka, nikamfuata pale mlangoni.

"Mwamshe wewe basi. Akinyonya, nitakaa ndani hata mwezi. Asipoamka, unipishe. Na usiponipisha nitapita chini ya mkono wako, majirani waone."

Aliguna. Akaingiza mkono ndani ya leso akiwa bado amenuna, akamtekenya shavu, akampuliza usoni, akamwita kwa Kijaluo, kwanza kwa mzaha, halafu kwa nguvu. Akaweka kiganja kwenye mbavu zake, akakiacha hapo.

"Uwi," akasema kwa sauti ndogo.

Hakunipisha, alinitangulia. Alitoka mbio bila viatu, akasimama katikati ya barabara ameinua mikono yote miwili, akaizuia bodaboda ya kwanza kutokea, iliyokuwa imebeba gunia la mahindi, akalishusha gunia hilo mwenyewe.

Njia nzima alikuwa nyuma yangu, amenibana mgongoni, mkono mmoja umepita kwapani mwangu kuhakikisha pua ya mtoto haijazibwa. Na alinigombeza. "Kichwa ngumu! Mtoto hanyonyi tangu asubuhi, na wewe unaniita mchana?"

Hospitalini tulikuta foleni. Kabla sijafungua mdomo kuomba radhi, mama mkwe alishapita mbele. "Hii mtoto hainyonyi!" akapaza sauti, na muuguzi akainuka papo hapo. Walisema ni maambukizi, yameingia kwenye damu na mapafu. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, wakampitishia puani, kwa mrija mwembamba, maziwa niliyokamua. "Mngengoja mpaka kesho..." daktari akaanza, akauona uso wa mama mkwe, akaishia hapo.

Tulikaa wodini tukimtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Sikujua kama nitarudi naye nyumbani. Jioni moja, muuguzi aliponiambia nijaribu tena, mtoto alilishika ziwa akalivuta kwa nguvu mpaka nikapiga ukelele. Nililia. Mama mkwe naye alilia, huku akimwambia mtoto anyonye polepole asije akapaliwa.

Tuliporudi Kisegi, mama mkwe alinionyesha mlango wa nyumba yake.

"Ingia. Tunaanza upya. Siku nne, halafu anatolewa vizuri, kama watoto wote wa hapa."

Aka! Mtoto alishatoka, akapanda pikipiki, akaonwa na hospitali nzima! Lakini sikuwa na ugomvi na siku zake. Ugomvi wangu ulikuwa mmoja tu.

"Nitaingia, Mama. Ila akikataa ziwa, natoka naye, iwe siku yoyote, saa yoyote."

"Utanikuta barabarani," akasema. "Ingia."