Karatasi Niliyokataa Kuwasomea Wageni

Nilitoka Kerugoya Jumatatu asubuhi kwa sababu wizara ya kilimo ilinihitaji Nairobi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa mkemia mwenye shahada ya udaktari: kazi yangu ilikuwa kupima mabaki ya dawa za wadudu kwenye mishiri, yale maharagwe membamba ya kijani tunayouza ng'ambo. Wanunuzi walikuwa wametuma wajumbe, wakitishia kufunga soko. Mama, ambaye shamba lake lote lilikuwa mishiri, alinisindikiza hadi barabarani akiniomba nihakikishe hawatufungii.

Garini, kuanzia Sagana hadi Thika, nilisoma tena majibu ya maabara. Dawa ilikuwa imezidi, na baadhi ya sampuli zilitoka kijijini kwetu.

Saa nane mchana nilifika wizarani, katikati ya mji. Katibu wa wizara, mzee wa sauti ya chini, alinipa taarifa ya kuwasomea wajumbe kesho yake. Ilisema mazao yetu ni safi kabisa. Nilimwonyesha majibu yangu. Aliyatazama, akanirudishia, akasema nchi haijianiki mbele ya wageni.

Jioni nilishuka matatu kituo cha Adams Arcade nikatembea hadi mtaa wa Jamhuri, kwa Salma, rafiki yangu wa chuo kikuu, mtu wa Lamu aliyekuwa karani mjini. Tukila, aliniuliza nitaishije nikifutwa kazi. Nilimega tonge jingine.

"Kwa hivyo hiyo karatasi utaisoma?"

"Siwezi kusoma kitu haiko kweli, Salma."

Aliondoa sahani, akawasha pasi, akaanza kuninyooshea nguo za kesho.

Jumanne, zamu yangu ilipofika, niliiacha karatasi kitini nikasimama. Niliwaambia dawa imezidi, na kwamba mashamba mengine ni ya watu wangu. Niliomba msimu mmoja. Ningepima kila shehena kabla haijapanda ndege. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, aliuliza nani atatoa dhamana.

"Mimi," nikasema.

Akamgeukia Katibu. Katibu aliiokota ile karatasi kitini, akaikunja.

"Na wizara," akasema.

Tulipewa msimu huo.

Jumatano asubuhi Katibu aliniita nyumbani kwake Kileleshwa. Nilijua nakwenda kufutwa. Alinimiminia chai, akakiri kwamba bado ana hasira. Kisha akasema watu aliowatuma kwenye balozi zetu ng'ambo kutetea mazao wote walijua kuzungumza, lakini hakuna aliyejua kupima.

"Msimu ukiisha, Daktari, uende wewe. Kuzungumza utajifunza huko."

Alhamisi nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amenyunyiza dawa juzi yake na alitaka kuchuma siku hiyo. Nilimwambia asichume mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe, hata kama mishiri itakomaa ikose mnunuzi.

"Na mishiri ya jirani?"

"Na ya jirani pia, Mama."

Aliweka kikapu chini. Jioni alipakua chakula, tukala meza moja.

Tangu hapo nimetumikia nchi katika balozi mbili na ofisi kadhaa. Wengi huniuliza diplomasia nilijifunzia wapi. Nami huwaambia ni katika shamba lile, siku nilipomnyima mama yangu mavuno yake na bado nikalazimika kuketi naye mezani.