Andika Kumi

Jamaa wa programu za simu alipofika Masalani kutoka Nairobi, alikuja na simu za karatasi. Alikuwa amechora kioo cha simu kwenye kadi, moja baada ya nyingine, akataka wafugaji wabonyeze kwa kidole kana kwamba ni simu kweli. Mimi nilikuwa mhudumu wa mifugo, nimepewa kazi ya kumtembeza na kumtafsiria. Simwamini mtu anayekuletea kitu nusu halafu anakubembeleza umwambie kasoro zake.

"Tunajenga kidogo kidogo," alisema. "Kila wiki mbili tunawaonyesha, mnatukosoa, tunarekebisha."

Nia ilikuwa njema, nakiri. Mfugaji aombe chanjo kwa simu, dawa ifike kabla homa ya mapafu haijaingia zizini.

Tulianza kwa eddo, yaani shangazi yangu, mjane asiye na kingine ila mbuzi wake. Kadi ya kwanza iliuliza: Una mbuzi wangapi?

Eddo akanitazama mimi, si mgeni. Kwetu mifugo haitajwi idadi mbele ya watu. Ukiitaja umemwita hasidi, au umewaita watu wa kodi, na sijui kipi kibaya zaidi.

"Karatasi hii inabelekwa wabi?" akauliza.

"Kwa daktari wa mifugo tu, mama," jamaa akajibu.

"Wallahi?"

"Kweli kabisa."

"Haya. Andika kumi."

Zizi lilikuwa nyuma yake, limejaa pomoni. Jamaa hakuinua macho kutoka kwenye kadi yake. Nami nikanyamaza. Nilimshuku yeye kuliko nilivyoiogopa homa, na nikajiona mjanja.

Wiki mbili baadaye programu ilikuwa kwenye simu ya kweli. Chanjo ikaja siku ileile iliyoahidiwa, ya mbuzi kumi. Eddo alisimama mlangoni mwa zizi akichagua. Alimtoa mmoja, akamrudisha, akamvuta mwingine mwenye mimba. Nilifungua mdomo niseme ukweli, akanikazia macho, nikaufunga. Jamaa akapiga picha, kisha kwenye ubao aliokuja nao wa kupangia kazi, akahamisha kikaratasi cha eddo upande wa kazi zilizokwisha.

Homa iliingia mwezi uliofuata.

Jamaa aliporudi nilimfokea. Nilimwambia ameuliza swali ambalo hata mkwe haulizi. Aliketi palepale mchangani, akaikata kadi ya kwanza na kuandika nyingine: Unahitaji chanjo kiasi gani? Lilikuwa swali ambalo mtu wa kwetu angeweza kulijibu bila kuona haya wala hofu. Ningeweza kumpa swali hilo siku ya kwanza kabisa, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Tukampelekea eddo kadi mpya, kwa ajili ya chanjo ya marudio. Safari hii hakuuliza inakwenda wapi. Alilitazama zizi lake, pale wanyama waliobaki walipokuwa wamesimama mbalimbali.

"Andika ya kumi," akasema. "Leo ni kweli."