Jina Baya la Mbwa Wetu

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliamini kwamba insha isiyo na misemo ni ugali bila mboga. Kila wiki alituandikia ubaoni misemo ya mnyama mmoja, tuikariri tukingoja mtihani wa darasa la nane. Ule wa mvua, raining cats and dogs, tulikuwa tumeshauchakaza. Huku kwetu karibu na Kaplong mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo insha za darasa zima zilianza na paka na mbwa wakimwagika kutoka juu. Mwalimu alichoka, akaupiga marufuku.

Ilipofika wiki ya mbwa nilishangaa. Tulisikia Wazungu wanapenda mbwa hadi kuwalaza kwenye kochi, lakini lugha yao haikuwahurumia. A dog's life ni maisha ya taabu. Sick as a dog ni mgonjwa hoi. Mume aliyemuudhi mkewe yuko in the doghouse, kibandani mwa mbwa. Wenzangu walicheka. Mimi niliona uchungu, kwa maana wiki hiyo hiyo mbwa wetu alikuwa na kesi.

Mwana-kondoo wa jirani yetu, mama mjane tuliyepakana naye shambani, alikuwa amekutwa amekufa, koo limeraruliwa. Mbwa wetu alionekana asubuhi hiyo akinusa mzoga. Aliwahi kuiba mayai, hilo sibishi. Basi majirani wote wakamwita muuaji. Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka isemwe kwamba anatetea cha kwake, kwa hiyo alimwahidi mjane kuwa Jumamosi angemnyonga.

Msemo wa mwisho ubaoni ulikuwa Give a dog a bad name and hang him. Mwalimu akasema hata Kiswahili kinao: ukitaka kumuua mbwa, mpe jina baya. Nilikimbia nao nyumbani kama mtu aliyetumwa dawa. Baba alikuwa anakamua ng'ombe. Nikausema kwa Kiingereza, maana Kiingereza alikiheshimu, kisha nikamfafanulia. Alicheka, mikono haikusimama.

"Hiyo Kizungu yako haiwezi chunga kondoo," alisema.

Jumamosi alimfunga kamba, akaenda naye nyuma ya shamba kwenye mikaratusi. Mbwa alimfuata akitikisa mkia. Nilimchukia baba siku hiyo, na chakula sikukigusa.

Wiki iliyofuata tulikuwa tukichuma chai mjane alipokuja hadi kwenye ua wa mpakani. Alisema kondoo mwingine amekufa, koo vile vile. Alisema akitazama chini, akarudi kwake.  Baba aliendelea kuchuma, lakini badala ya majani mawili na chipukizi akawa anatia kikapuni hata majani makuukuu, kosa ambalo sisi tungegombezwa kwalo. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jioni alinikuta nikisoma, akavuta kigoda akaketi.

"Ile maneno ya mwalimu juu ya mbwa," alisema, "sema tena."

Nikausema polepole. Akauliza kama mwalimu alieleza la kufanya ikiwa mbwa ameshanyongwa. Nikamwambia hapana, msemo unaishia hapo.