Siku Wateja Wangu Walipojaza Mtandao

Jamani, hii aibu nimekaa nayo mpaka nimechoka, acheni niitoe. Mimi nauza simu za setilaiti hapa Kisumu, zile za watu wa visiwani na wale wa Ahero ambao mafuriko yakija mtandao wa kawaida unapotea. Sasa bosi wangu, Mama Wanjiru, akaniambia wawekezaji wawili wanakuja na wana wasiwasi: kuna watu wanaotaka hizi simu kweli? Na wakizitaka, mtandao utawabeba? Wasiporidhika, ofisi inafungwa.

"Wewe waonyeshe wateja," akasema. "Hayo ya mtandao niachie mimi."

Basi kwa akili zangu (hizo chache) nikawaomba wateja wote ninaowajua wapige simu ofisini saa nne asubuhi, wote, waisifu simu yetu na wasikate, soda nitawanunulia. Saa nne ikafika, wawekezaji wakiwa wameshaketi, ramani kwenye kompyuta ikajaa vinukta vya kijani ziwa lote, kila kinukta mteja aliye hewani, Mama Wanjiru akanitazama vile hajawahi kunitazama, na mimi kichwa kikavimba, nikamtoa nje mwekezaji mmoja, mzee mpole, nikampa simu.

"Mzee, salimia watu wa nyumbani."

Akapiga. Mtandao umejaa. Akapiga tena, umejaa. Nikasema ni mawingu (hakukuwa na wingu hata moja), nikainyakua, nikapanda juu ya kiti nayo, nikainyoosha juu kama mtu anayeanika shati. Umejaa.

Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Nikakimbia ndani kuwaambia wakate, nikashika simu ya mezani inayopokea laini zote, na kwa ile haraka nikabonyeza kipaza sauti. Alikuwa mteja wangu Mama Atieno, anauza omena, wale dagaa wa ziwani.

"Nyathina, mwanangu, nimesifu hii simu mpaka maneno yameisha. Tukate sasa? Na ile soda ni moja au mbili?"

Nikageuka. Wawekezaji wote wawili walikuwa mlangoni.

"Tulipofika sikujua kama mna wateja," yule mzee akasema polepole. "Sasa hata mtandao sijui kama mnao."

Ofisi haikufungwa, ila walisema pesa yao itasubiri mpaka mtandao upanuliwe, na Mama Wanjiru alikula chakula cha mchana akiangalia ukuta. Siku hizi mgeni akiuliza wateja wako wapi, namwelekeza njia ya sokoni aende mwenyewe awatafute, na mimi nabaki nimekaa, mikono mfukoni, mbali kabisa na simu yoyote.